Kibali cha Kwenda Kisima Chekundu

Yadam hakuwa mtu wa kupanga safari. Maisha yake yote aliamka, akanywa chai yake ya maziwa na chumvi, akatazama ngamia wameelekea wapi, kisha akaiwasha pikipiki yake kwa kiki na kuwafuata. Mtu wa namna hiyo ukimwona kila asubuhi anakagua cheni, anapima upepo wa matairi na kupanga madumu ya petroli nyuma ya hema kama mwenye duka, huna haja ya kuambiwa kwamba nyumbani kwake kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa mkewe, Dulmaa. Hospitali ya mkoa ilikuwa imemrudisha. Daktari alimwita pembeni Solongo, binti yao, akamwambia yale ambayo madaktari huwaambia jamaa na kumficha mgonjwa. Solongo akayafikisha kwa baba yake kwa maneno ya kuzunguka mbuyu, macho yake yakiwa kwenye jiko. Yadam naye akamwambia mkewe kwamba ni baridi tu imeingia tumboni, itatoka yenyewe. Dulmaa akaitikia kuwa ndiyo, ni baridi. Basi wakaishi hivyo wote watatu ndani ya hema moja la sufi, kila mmoja anajua na kila mmoja anamlinda mwenzake asijue.

Ndivyo tulivyo sisi watu wa jangwa la kusini, huku karibu na waya wa mpaka. Neno baya halitamkwi juu ya aliye hai, maana anayelitamka ameliita. Yadam alifundishwa hilo kwa kofi. Alikuwa mtoto bado, akasema mbele za watu kwamba ndama fulani wa ngamia, aliyezaliwa na mguu mbovu, hatafika majira ya baridi. Mama yake akamzaba kofi la mdomo. Ndama akafa kabla ya theluji ya kwanza, na Yadam akaamini mpaka leo kwamba ni yeye aliyemuua. Tangu siku ile akawa mtu wa habari njema tupu. Mwaka ule wa baridi kali iliyofyeka nusu ya mifugo ya wilaya, kila aliyemuuliza habari za ngamia alimjibu kwamba hawajambo, wamelala. Na kweli walikuwa wamelala, ila hawakuamka tena.

Dulmaa alikuwa ameomba kitu kimoja. Siku moja, akiwa amejilaza anatazama mwanga unaoshuka kwenye tundu la paa, alisema ana hamu ya maji ya kwao. Hakuongeza neno, wala hakukuwa na haja. Kwao ni Kisima Chekundu. Maji aliyooshwa nayo siku ya kwanza duniani yalichotwa pale, na kitovu chake kimezikwa kwenye mchanga wa pale. Dulmaa alikuwa msichana wa mikia miwili ya nywele serikali ilipoufunga ukanda wote wa mpakani, familia zikapakiwa kwenye malori na vyombo vyao, na tangu hapo hakuna anayekanyaga huko isipokuwa askari na ngamia wasio na adabu. Lakini mtu wa huku akizidiwa na maradhi hurudishwa alikozaliwa, akagaagaa kwenye mchanga wake, akanywa maji yake. Wapo wanaoinuka wakapona. Wapo wanaopata utulivu tu, na huo nao si haba.

Yadam akamjibu kwamba watakwenda kabla baridi haijaanza. Akatoka nje haraka, akaenda kuitazama pikipiki kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa pikipiki nyekundu ya Kichina, kiti kimeraruka na kuzibwa kwa kipande cha sufi. Alipiga hesabu zote. Gari la mkwewe, mume wa Solongo aishiye mjini, lisingepita kwenye korongo la mawe. Kwa ngamia ingekuwa safari ya kulala njiani, na Dulmaa hakuwa tena mtu wa kukaa katikati ya nundu. Pikipiki, ukiondoka alfajiri, unafika jua halijapinda, mradi usizame kwenye mchanga. Chuluun, jirani yao, mtu mkarimu na msumbufu kwa kiasi kilekile, alikuja kutoa pikipiki ya Kirusi aliyoachiwa na baba yake, yenye kiti cha pembeni, ili bibi akae kama malkia. Yadam alimwambia gurudumu la tatu mchangani ni jembe. Chuluun akasema baba yake alivuka nayo jangwa zima. Yadam akamkumbusha kwamba baba yake alirudi kwa miguu. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na Chuluun akaenda zake amenuna.

Tatizo kubwa lilikuwa jinsi ya kumkalisha. Yadam alikata kipande cha fito za ukuta wa hema kuukuu, akakifunga nyuma ya kiti kiwe egemeo, akatandika ngozi mbili za kondoo. Kisha akafunga gunia la unga mahali pa mkewe, akalizungusha mshipi wake mrefu wa kiunoni mpaka tumboni kwake, akaanza kuzunguka nalo uwandani, kwenye changarawe na kwenye mchanga laini, akitoa upepo kwenye tairi kidogo kidogo mpaka akaona pikipiki haiyumbi. Dulmaa aliomba afunguliwe mlango ili aone.

"Naona umeoa," alimwambia aliporudi. "Tena huyu afadhali, hasemi."

"Mzito lakini," alisema Yadam.

Alikuwa na maana ya kutania. Ila gunia kweli lilikuwa zito mno. Alilijaza kwa kumkumbuka Dulmaa wa mwaka jana, yule aliyekuwa akibeba kondoo mzima begani. Akalipeleka nyuma ya hema, akapunguza unga, akalinyanyua, akapunguza tena. Alipofikia uzito wa yule mwanamke aliyelala ndani, gunia lilikuwa limebaki chini ya nusu. Yadam alikaa pale chini na unga mikononi, na akalia kwa kujibana, kama wanavyolia wanaume ambao wake zao wana masikio makali.

Ikabaki kwenda kuomba kibali. Kambi ya mpakani iliongozwa na Kapteni Luvsan, kijana wa kaskazini, mpole, asiyependa makuu. Yadam alimfahamu vizuri, kwa kuwa wafugaji wa huku ndio macho ya kambi: wakiona alama za tairi ngeni hutoa habari, na askari nao huwasaidia kutafuta mifugo. Njia nzima Yadam aliifanyia mazoezi sentensi moja, kwamba bibi yake ana hamu ya kuona kwao. Haikuwa na neno baya ndani yake, na aliipenda.

Walibadilishana chupa za ugoro, kila mmoja akavuta wa mwenzake. Wakaulizana kama mifugo imenenepa, kama nyasi zipo, kama mvua imegusa upande wa kambi. Kapteni akamuuliza habari za nyumbani, Yadam akasema njema. Akamuuliza habari za bibi hasa, maana alisikia alipelekwa mkoani, Yadam akasema njema, ni baridi ya tumbo. Hapo ndipo alipoiona hatari ya sentensi yake. Akisema bibi ana hamu ya kwao, Kapteni atauliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hiyo. Na jibu la swali hilo lilikuwa ni lile neno lenyewe.

"Haya mzee, sema," alisema Kapteni. "Mnataka kwenda wapi, na mko wangapi?"

"Nimepotelewa na ngamia," alisema Yadam.

Lilimtoka lenyewe. Na kwa kuwa hakuzoea uongo, hakuweza hata kubuni ngamia. Alimweleza ngamia wake halisi, jike mwekundu, sikio la kushoto limekatwa ncha, nundu ya nyuma imelalia upande. Alisema huenda amefuata maji upande wa Kisima Chekundu. Kapteni aliandika yote, akagonga muhuri, akampa kibali. Kumtafuta ngamia ni kazi ya mtu mmoja, basi kibali kilikuwa cha mtu mmoja, na Yadam alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka. Alijiambia kwamba askari wa lango la kuingilia ukanda uliofungwa wote wamewahi kunywa maziwa ya ngamia nyumbani kwa Dulmaa, hawatamzuia. Akamwambia mkewe kibali kimepatikana na Luvsan anamsalimia. La kwanza lilikuwa nusu ya ukweli; la pili angalau lilikuwa kweli.

Haikupita muda, yule jike mwekundu akapotea.

Alikuwa akila hapo hapo kwenye vichaka, mbele ya hema, siku zote. Asubuhi moja hayupo. Yadam alifuata nyayo zake kwa pikipiki, zikamvusha vilima vya mchanga, zikanyooka kusini moja kwa moja kuelekea kwenye ukanda uliofungwa. Alizima injini, akabaki ameikalia, jasho linamtoka katikati ya upepo. Ngamia yule hajawahi kupotea tangu azaliwe. Alichokisema kambini kilikuwa kimesikika. Kama mdomo wake umeweza kumfukuza ngamia mzima, basi lile neno jingine akilitoa litafanya nini? Akaapa pale pale kwamba hatalitoa kwa yeyote, hata wamfunge.

Solongo ndiye aliyekisoma kile kibali. Alikuwa akipanga nguo za joto za mama yake kwenye mkoba, akakikuta, akatoka nacho nje na kumvuta baba yake mpaka kwenye zizi. Waligombana kwa kunong'ona, jambo ambalo ni gumu kuliko kugombana kwa sauti. Solongo tangu mwanzo hakuitaka safari hii. Alikuwa akisema "je, upepo ukiwakuta njiani," na kila mtu alijua anasema upepo gani. Sasa alikuwa na karatasi mkononi.

"Jina ni moja, baba. Langoni utasemaje?"

"Nitasema ananisaidia kutafuta ngamia."

"Mama? Anayeshikwa mkono kwenda nje?" Solongo alimtazama. "Ungemwambia Luvsan ukweli, angekataa? Naye ana mama yake."

"Na wewe ulipotoka mkoani, mbona ukweli ulinieleza kwa kulitazama jiko?"

Hapo Solongo akafunika uso kwa mikono. Yadam alitamani kuyameza tena maneno yake. Alimshika binti yake begani, akasema tu kwamba tairi la nyuma lataka kupigwa pachi, akaondoka. Hata hivyo siku ya kuondoka haikupangwa. Kila Dulmaa alipouliza, kulikuwa na pachi, au plagi, au mawingu. Na kila siku iliyopita Dulmaa alikaa kitako kwa muda mfupi zaidi.

Ndipo walipokuja askari wawili wa kambi, koplo na mwenzake, juu ya pikipiki zao, nyuma wanamkokota ngamia jike mwekundu mwenye sikio lililokatwa ncha. Walikuwa wamefurahi kama watu waliofanya jambo la maana. Wakakaribishwa ndani, Solongo akawapa chai na vipande vya maziwa makavu. Koplo akatoa salamu za mkubwa wake, akasema ngamia walimkuta huko huko alikosema mzee, karibu na Kisima Chekundu.

"Kapteni amesema usijisumbue tena, mzee," aliongeza. "Sasa hivi hata barabara ni mbaya. Amesema kile kibali nirudi nacho."

Yadam akaitikia kwa kichwa taratibu. Mkono wake ukaingia kifuani, ndani ya vazi, mahali alipokihifadhi. Alijua vizuri anachokifanya. Karatasi hiyo ikitoka humu ndani, Dulmaa hatakiona Kisima Chekundu, na kuizuia kulihitaji maneno machache tu ambayo mtoto wa shule angeweza kuyasema. Hakuyapata. Akaitoa.

"Usimpe," alisema Dulmaa kutoka kitandani.

Wote wakageuka. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko.

"Mwanangu, mama yako yupo?" alimuuliza koplo.

"Yupo, bibi."

"Mungu amweke. Basi kunywa chai yako unisikilize. Huyo ngamia siku mzee alipokuja kambini hakuwa amepotea. Alikuwa anakula hapo nje. Mzee wangu alisema uongo kwa sababu ukweli unamkwama kooni. Si mtu mbaya, ndivyo alivyo." Akapumzika kidogo. "Mimi ninakufa. Si baridi ya tumbo. Nataka nikalale kidogo pale nilipozaliwa, ninywe maji yake, na huyu ndiye wa kunipeleka. Mwambie Luvsan hivyo hivyo. Usipunguze."

Koplo aliweka bakuli chini, akasema ndiyo bibi, akasimama, akakosa mahali pa kuweka mikono. Solongo alikuwa tayari amepiga magoti kitandani. Yadam alitoka nje.

Kilichomjia kwanza kilikuwa hasira. Msimu mzima amekuwa akilizunguka neno lile kama mtu anayezunguka shimo, na sasa mwanamke huyu amelirusha mbele ya wageni kana kwamba anaomba chumvi. Alimkuta yule ngamia amesimama anatafuna, akamtukana matusi ya kutosha, ya mama na ya bibi. Kisha matusi yakamwishia. Alifikiria jinsi Dulmaa alivyoitikia, siku ile, kwamba ndiyo, ni baridi. Kumbe alikuwa akijua tangu hapo. Alikuwa amelala mle ndani na kifo chake peke yake, akikificha ili mumewe asiogope, na mumewe nje anachezea tairi. Yadam aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, na safari hii hakujali nani anamsikia akilia.

Kesho yake Kapteni Luvsan alikuja mwenyewe na gari la kambi. Hakuingia ndani mara moja. Alikitandaza kibali kipya juu ya boneti, akaandika majina mawili, akagonga muhuri, akasema askari wa lango watawaongoza mpaka mwisho wa korongo. Kisha akasema jambo lililomchoma Yadam kuliko kofi.

"Mzee, ungeniambia siku ile, mngekuwa mmeshakwenda mkarudi, na bibi akiwa bado anakaa mwenyewe."

Kapteni akaingia ndani kumsalimia bibi, akakaa naye kitambo.

Waliondoka alfajiri iliyofuata. Chuluun alikuja kuwasaidia kumpandisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na ushauri. Walimkalisha Dulmaa juu ya ngozi za kondoo, wakamwegemeza kwenye fito, Solongo akamvika kofia na kumfunga shali mpaka puani. Yadam akapanda mbele, Chuluun akauzungusha mshipi ukawafunga wawili pamoja, akakaza. Solongo alisimama kando na chombo cha maziwa mkononi, tayari kuyanyunyizia nyuma yao kama inavyopaswa kumfanyia anayesafiri, lakini alimtazama mama yake na maziwa yakamwagika kabla ya wakati.

Yadam aliinua mguu apige kiki.

"Ngoja," alisema Dulmaa mgongoni mwake. "Njia yako ulishaipanga yote?"

"Yote. Langoni, korongo, halafu tunafuata mkondo mkavu mpaka kisimani."

"Na mimi nikinyamaza njiani?"

"Wewe tangu lini ukanyamaza?"

Hakucheka. "Yadam, hilo hukulipanga. Nikinyamaza, utafanya nini?"

Solongo aliinua kichwa. Chuluun akatazama vilima. Yadam aliushika usukani kwa nguvu, na mbele yake aliliona lile neno alilolikimbia tangu utoto limesimama linamngoja. Mkewe alikuwa ameshalibeba peke yake muda wa kutosha.

"Ukifa njiani sitasimama," alisema. Sauti haikuwa yake, lakini iliendelea. "Sitageuza. Nitakufikisha kwenu, nitakulaza kwenye mchanga wako, nitakulowesha midomo kwa yale maji. Ndipo nitarudi kumwambia Solongo."

Alingoja. Hakuna kilichotokea, isipokuwa mikono miwili myepesi iliyopita chini ya makwapa yake ikamshika kifuani.

"Haya," alisema Dulmaa, akaegemeza kichwa mgongoni mwa mumewe. "Sasa twende."